Bunge Limekwama, Ufanyeje? Mwongozo wa Mwananchi wa Kawaida

Mswada umeshaandikwa. Pande zote mbili zilishasema hadharani kwamba jambo lenyewe ni la lazima, na wataalamu wametoa maoni yao. Lakini huu ni mwezi wa nane na mswada haujasogea hata hatua moja, na kila ukifungua redio unasikia wa huku wakiwalaumu wa kule. Wengi wakifika hapo huchoka, wakasema siasa ni mchezo mchafu na kuendelea na shughuli zao. Mwongozo huu nimemwandikia yule asiyetaka kuishia hapo.

Kuna jambo moja naomba ulishike kabla hatujaanza, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinatoka humo. Mara nyingi bunge halikwami kwa sababu wanasiasa hawajui la kufanya. Wanajua. Wanachoogopa ni kitakachowapata wakilifanya. Mbunge anayekubaliana na upande wa pili akirudi kwao anaitwa msaliti, anatafutiwa mtu wa kumng'oa kwenye kura ya mchujo, na pengine anaondolewa kwenye kamati. Anayegoma anashangiliwa. Na wanaomwita msaliti si wapinzani wake. Ni watu wake mwenyewe, waliompa kura, yaani mimi na wewe. Basi kazi yetu kubwa ni kuipunguza hofu hiyo, ili mwakilishi aone kwamba akipatana na wenzake bado atakuwa na watu nyuma yake.

Hatua ya 1: Jua mswada umekwamia wapi hasa

"Bunge limekwama" ni kauli ya jumla mno kufanyiwa kazi. Mswada hukwama mahali fulani, mikononi mwa watu fulani, kwa sababu ya kanuni fulani. Huenda haujapangwa kwenye ratiba. Huenda uko kamatini na mwenyekiti haitishi kikao. Huenda upande mmoja unatoka ukumbini kila siku ili akidi, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa kikao kiendelee, isitimie. Huenda mabaraza mawili ya bunge yamepitisha maneno tofauti na hakuna anayetaka kulegeza.

Angalia Marekani. Katika Seneti, kufunga mjadala wa miswada mingi kunahitaji kura 60 kati ya 100, na ni nadra chama kimoja kuwa na viti hivyo. Katika Baraza la Wawakilishi tatizo huwa jingine: uongozi unaweza tu kuacha kuupanga mswada. Lakini huko huko kuna njia ya pembeni. Wajumbe 218 kati ya 435 wakitia saini ombi la kuutoa mswada kamatini, unaweza kufikishwa ukumbini ukapigiwa kura hata kama viongozi hawautaki. Mwananchi asiyelijua hilo atampigia simu Spika mwaka mzima bila kuambulia kitu. Anayelijua atahesabu saini zilizopo, kisha atawatafuta wale wawili au watatu waliobaki.

Ireland ya Kaskazini mambo ni tofauti kabisa. Huko serikali huongozwa kwa pamoja na vyama vikubwa vya jamii mbili, na kimoja kikijitoa serikali nzima huanguka. Ndivyo ilivyokuwa kuanzia Januari 2017 hadi Januari 2020. Miaka mitatu! Mtu aliyekuwa akiwabembeleza wabunge wote kwa usawa alikuwa anapoteza muda wake, kwa sababu ufunguo walikuwa nao viongozi wa vyama viwili tu.

Wa kumuuliza ni nani? Soma ratiba ya shughuli za bunge na kumbukumbu za mijadala. Nchi nyingi huziweka kwenye tovuti ya bunge. Halafu mpigie simu karani wa kamati husika. Karani ni mtu ambaye wananchi humsahau. Yeye si mwanasiasa, wala hana cha kupoteza akikujibu, na kazi yake ni kujua kila karatasi iko wapi. Muulize mswada uko hatua gani, nani mwenye mamlaka ya kuusogeza, na kikao kijacho ni lini. Andika majibu.

Ukiwa hapo hapo, jiulize kwa moyo mweupe kama kweli huu ni mkwamo. Upinzani kuzuia sheria mbaya ni kazi yao halali, na mjadala kuchukua miezi sita si dhambi. Na pale ambapo upande mmoja unawafunga wenzake jela au kuzizuia kura zao, tatizo si vyama kushindwa kupatana, na usikubali mtu akuombe "mkutane katikati" kuhusu haki ya mwenzako ya kupiga kura. Ninachozungumzia ni pale ambapo walio wengi, wa pande zote, wanalitaka jambo, na jambo haliendi.

Hatua ya 2: Dai kitu kimoja chenye umbo

Ubelgiji ilifanya uchaguzi tarehe 13 Juni 2010, na serikali mpya ikaapishwa tarehe 6 Desemba 2011. Siku 541 zilipita kabla nchi haijapata serikali kamili. Katikati ya kipindi hicho, tarehe 23 Januari 2011, zaidi ya watu 30,000 waliandamana mjini Brussels. Maandamano yaliitishwa na vijana, wasemao Kiholanzi na wasemao Kifaransa wakitembea pamoja, na ujumbe ulikuwa kwamba tumechoka, undeni serikali.

Siwezi kuwadharau watu wale. Walionyesha kwamba wananchi hawakuwa wamegawanyika kama viongozi wao. Lakini serikali ilikuja zaidi ya miezi kumi baadaye, na nadhani sababu mojawapo ni hii: dai la "undeni serikali" halimwambii mtu yeyote akubali nini. Mgogoro wenyewe ulikuwa na mizizi yake, kama vile suala la jimbo la uchaguzi la Brussels-Halle-Vilvoorde, lililokuwa likigombaniwa na jamii mbili za lugha. Kiongozi aliweza kuyatazama maandamano yale dirishani, akasema naungana nanyi, kisha akarudi mezani na msimamo ule ule.

Kwa hiyo chagua kitu kinachoweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana. "Acheni siasa, fanyeni kazi" hakijibiki. "Mwenyekiti, itisha kikao cha kamati kuhusu mswada huu kabla ya bunge kwenda likizo" kinajibika. Ndivyo ilivyo pia kwa "Kubalini kifungu cha 12 kianze kutumika baada ya miezi sita badala ya mara moja." Kadiri dai lilivyo dogo, ndivyo anavyokosa mahali pa kujificha. Usiogope udogo wake, maana wabunge wakishapatana mara moja juu ya kitu kidogo, wanajifunza kwamba hawakufa.

Hatua ya 3: Anza na watu wa upande wako

Hii ndiyo hatua ngumu, na ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Kama wewe ni mwanachama wa chama fulani, au hata mpenzi wake tu, sauti yako kwa chama kingine ni kelele za mpinzani. Kwa chama chako ni onyo. Mbunge wa upande wa pili akisikia unamlaumu, hashtuki, kwani hakutarajia kura yako. Mbunge wako akisikia kwamba watu wake wenyewe wako tayari kumtetea akipatana, hesabu yake inabadilika.

Kazi yenyewe hufanyika kwenye vitu vidogo. Chukua mfano wa kundi la WhatsApp la ukoo. Mjomba anatuma picha ya mbunge wenu akipeana mkono na kiongozi wa chama pinzani, na chini yake ameandika: "Huyu kanunuliwa."

Ungeweza kunyamaza. Ungeweza pia kumrukia, na siku ikaishia kwenye matusi. Jaribu hivi:

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimeusoma ule mswada jana usiku. Alichokubali ni tarehe ya kuanza kusogezwa mbele miezi sita. Yale mengine tuliyokuwa tunayadai yamo yote. Wewe mjomba umeona tumepoteza kifungu gani?"

Kimya. Halafu: "Mimi sijausoma."

"Nakutumia ukurasa wenyewe. Ni mmoja tu."

Angalia kilichofanyika hapo. Hujamfundisha mjomba siasa mbele ya watoto wake. Hujasema anadanganywa. Umemwacha na heshima yake, umeuliza swali la kweli, na watu wengine ishirini waliokuwa wakisoma kimya wamejua kwamba neno "kanunuliwa" lina wa kulihoji. Hao wasomaji wa kimya ndio wengi, na wengi wao walikuwa wanasubiri mtu mmoja aanze.

Kabla hujawahoji wenzako, jihoji mwenyewe. Waswahili walishasema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Chukua tendo unalolilaani, tuseme kususia kikao, kuchelewesha uteuzi wa jaji au kubadilisha kanuni katikati ya mchezo. Sasa lipe jina la chama chako. Je, ulililaani walipolifanya wako? Kama ulilitetea, anzia hapo. Sema wazi mbele ya wenzako, "Sisi pia tulifanya hivi, na tulikosea." Sentensi hiyo ni chungu kuitamka. Lakini nimeona mara nyingi jinsi inavyofungua chumba ambacho hoja kumi za busara zilishindwa kukifungua.

Halafu nenda tawini. Namaanisha kimwili, siku ya kikao, ukakae kwenye kiti. Katika majimbo yanayojulikana kuwa ni ya chama kimoja, uchaguzi wenye uamuzi ni ule wa ndani ya chama, na wanaoshiriki kwa kawaida ni sehemu ndogo tu ya wapiga kura wote. Wenye hasira hawakosi. Wenye subira hubaki nyumbani. Ndiyo maana mbunge anayesikilizana na wenzake anaweza kupendwa na jimbo zima na bado akaangushwa na watu wachache waliojitokeza kwenye mchujo. Ukienda wewe, ukaenda na majirani watano wenye kadi, mmebadilisha kitu kwa kuhudhuria tu. Wagombea wa mchujo wakija kuomba kura, wote waulizwe swali moja: "Tutajie jambo moja ulilowahi kulifanikisha pamoja na mtu wa chama kingine." Mkiuliza kila mwaka, mwakani watakuja na jibu.

Hatua ya 4: Kaa na mtu wa upande wa pili, lakini si kwa mdahalo

Watu wengi huanzia hapa, nami nimeiweka ya nne kwa makusudi. Mazungumzo yana nguvu, ila tuwe wakweli kuhusu nguvu hiyo inafika wapi.

Mwaka 2016 watafiti David Broockman na Joshua Kalla walichapisha katika jarida la Science utafiti uliofanyika Miami, ambako watu walitembelewa majumbani na kuzungumza kwa dakika kama 10 tu. Mgeni hakuhubiri. Aliuliza, akasikiliza, akamwomba mwenyeji akumbuke siku ambayo yeye mwenyewe alihukumiwa kwa kuwa tofauti na wengine. Chuki dhidi ya kundi lililozungumziwa, yaani watu waliobadili jinsia, ilipungua, na badiliko hilo lilikuwa bado lipo miezi mitatu baadaye. Utafiti ule haukuwa wa vyama, lakini njia yake inafaa kuazimwa, hasa kule kumwomba mtu asimulie yaliyompata badala ya kumwomba atetee msimamo.

Mwaka 2022 Broockman na Erik Santoro wakatoa matokeo mengine, safari hii kuhusu vyama moja kwa moja. Wafuasi wa vyama viwili vya Marekani walikutanishwa wawili wawili kwa video. Waliozungumzia siku yao nzuri kuliko zote ingekuwaje walitoka na uchangamfu mkubwa kwa upande wa pili. Waliozungumzia mambo wanayotofautiana hawakupata faida hiyo. Na miezi mitatu baadaye hata ule uchangamfu ulikuwa umepoa.

Mimi najifunza mambo mawili hapo. Usianze na hoja, anza na mtu. Na usitegemee kikao kimoja, kwa sababu joto la mazungumzo hupoa kama hakuna kazi ya kufanya pamoja baada yake. Mwalike mtu wa chama kingine mfuatilie jambo moja lile la hatua ya 2: yeye amwandikie mbunge wa chama chake, wewe wa chako, na Ijumaa mpeane majibu. Mtakuwa na sababu ya kupigiana simu wiki ijayo.

Kama mnataka kikao chenye mpangilio, kuna zoezi moja la Braver Angels, shirika la Marekani lililoanza baada ya uchaguzi wa 2016 kwa kuwakutanisha wafuasi wa vyama viwili kwa idadi karibu sawa. Kila upande unakwenda pembeni na kuandika dhana mbaya ambazo upande wa pili unazo juu yao. Si dhana zao juu ya wengine. Kisha, kwa kila dhana, wanajibu kwanza kwa nini si kweli, halafu wanajiuliza: je, kuna chembe ya ukweli ndani yake? Wanarudi na kusoma mbele ya wote. Jaribu uone chumba kinavyonyamaza pale mtu anapoisoma mwenyewe ile chembe ya ukweli kuhusu watu wake.

Kikao kisizidi watu kumi na wawili. Simu zizimwe. Na asiwepo mgombea.

Hatua ya 5: Mwandikie mwakilishi wako barua inayomsaidia

Ofisi za wabunge hupokea ujumbe mwingi wa kunakili, maneno yale yale kutoka kwa watu mia tano. Huo huhesabiwa, kisha huwekwa kando. Barua inayosomwa ni ile iliyoandikwa na mtu mmoja, wa jimbo lile, kuhusu mswada unaotajwa kwa jina. Nayo isiwe ya kutisha. Mbunge aliyekwama tayari ana vitisho vya kutosha. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba akishuka huko alikopanda, kuna wa kumpokea.

Mfano:

"Mheshimiwa, mimi ni mpiga kura wa jimbo lako. Nilikupigia kura mara mbili na bado ni mwanachama wa chama chetu. Mswada wa maji umekaa kamatini tangu mwezi wa pili. Najua tunapinga kifungu cha 12, na mimi pia sikipendi kilivyo. Lakini kikirekebishwa ili ada zipande taratibu kwa miaka mitatu, nakuomba uupigie mswada kura ya ndiyo. Ukifanya hivyo nitakutetea tawini na kwa majirani zangu, kwa jina langu. Mtaani kwetu tunachota maji saa tisa usiku, maana ndipo yanapotoka. Naomba jibu moja: uko tayari kumtaka mwenyekiti aupange mswada huu katika kikao kijacho?"

Mle ndani umesema wewe ni wake, umeonyesha unaelewa kinachompa shida, umempa sharti analoweza kulieleza kwa watu wake, umeahidi kumkinga, na umemaliza kwa swali. Ile saa tisa usiku usiiache. Habari kama hiyo ndiyo mbunge atakayoikumbuka akisimama kuzungumza.

Kama hajajibu baada ya wiki mbili, piga simu ofisini, taja tarehe ya barua na uombe kuzungumza na msaidizi anayeshughulikia mambo hayo. Kuwa mpole. Msaidizi ndiye anayeamua barua ipi iende juu ya meza.

Hatua ya 6: Tafuta washirika ambao hakuna aliyewatarajia

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Tunisia. Mwaka 2013 nchi ilikuwa inaelekea kubaya. Wanasiasa wawili wa upinzani, Chokri Belaid na Mohamed Brahmi, walikuwa wameuawa, mmoja Februari na mwingine Julai. Bunge la katiba lilisimama. Chama tawala na wapinzani hawakuwa wakiaminiana hata kidogo.

Waliojitokeza kuwasuluhisha hawakuwa wanasiasa. Lilikuwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, UGTT, pamoja na umoja wa waajiri, UTICA. Hebu fikiria: watu ambao kazi yao ya kila siku ni kugombania mishahara, wamekaa upande mmoja wa meza. Wakaungana na Jumuiya ya Haki za Binadamu ya Tunisia na chama cha mawakili. Wakaandaa ramani ya njia yenye hatua zilizoeleweka: serikali ijiuzulu na kupisha ya wataalamu, katiba ikamilishwe, tume ya uchaguzi iundwe. Wakavitaka vyama viisaini hadharani, tarehe 5 Oktoba 2013, kabla ya kukaa kuzungumza. Katiba mpya ikapitishwa Januari 2014, na mwaka 2015 makundi hayo manne yakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Siasa za Tunisia ziliharibika tena miaka ya baadaye, hilo halifichiki, ila halifuti kilichofanyika mwaka ule.

Huna shirikisho la wafanyakazi mfukoni. Lakini kila mahali pana watu wanaojulikana kwa kutokubaliana, na wakisimama pamoja kila mtu hugeuka kutazama. Wenye nyumba na wapangaji ni mfano mmoja, wakulima na wafugaji ni mwingine. Pia kuna viongozi wa dini mbili, na wafanyabiashara wa sokoni pamoja na maofisa waliostaafu. Barua yenye saini tano za watu wa namna hiyo ina uzito kuliko saini elfu moja za watu wa kambi moja. Igeni pia ule utaratibu wa kusaini kwanza na kuzungumza baadaye. Ukimpa mwanasiasa nafasi ya kuhudhuria bila kuahidi kitu, atahudhuria, atapigwa picha, na ataondoka.

Hatua ya 7: Kanuni zikiwa ndizo tatizo, zibadilisheni

Kuna mikwamo ambayo haifunguliwi na watu wazuri, kwa sababu imejengwa ndani ya utaratibu wenyewe. Mipaka ya majimbo ikichorwa ili kila chama kiwe na viti vya uhakika, mbunge hana sababu ya kumsikiliza mtu wa upande wa pili kamwe.

Siku mbili baada ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2016, Katie Fahey, mwanamke wa jimbo la Michigan mwenye umri wa miaka 27 ambaye hakuwa mwanasiasa, aliandika kwenye Facebook kwamba anataka kushughulikia uchoraji huo wa mipaka, na kama kuna anayetaka kusaidia amwambie. Watu wakajitokeza. Kabla ya kuandika pendekezo lolote walizunguka jimbo wakafanya mikutano 33 katika siku 33, wakiwauliza watu wanataka utaratibu gani. Kisha wakakusanya saini zaidi ya 425,000 wakitumia watu wa kujitolea, na Novemba 2018 wapiga kura wakalipitisha kwa takriban asilimia 61. Sasa mipaka inachorwa na tume ya wananchi 13, wanne wa chama kimoja, wanne wa kingine, na watano wasio na chama. Na kwa kawaida ramani haipiti bila angalau wawili wa kila kundi kuikubali. Hicho kipengele cha mwisho ni dhahabu, maana kinawafanya watu watafutane.

Maine, jimbo jingine la Marekani, wao waliamua kwa kura ya mwaka 2016 kutumia utaratibu wa mpiga kura kuwapanga wagombea kwa mfuatano wa chaguo la kwanza, la pili na la tatu. Mgombea anayetaka kuwa chaguo la pili la wafuasi wa mwenzake hawezi kuwatukana.

Ireland ilitumia njia nyingine, ya baraza la wananchi waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Lile lililoanza 2016 lilikuwa na wananchi 99 na mwenyekiti jaji, nao walipewa suala la utoaji mimba, ambalo vyama vikubwa vilikuwa vimelikwepa kwa miaka mingi. Walisikiliza wataalamu na mashahidi wa pande zote, wakatoa mapendekezo, na suala likaenda kwenye kura ya maoni Mei 2018. Unaweza kukubaliana na uamuzi wa wapiga kura au kuupinga. Ninachokuonyesha ni kwamba wananchi wasiokuwa na kiti cha kulinda waliweza kulizungumza jambo ambalo wenye viti walishindwa kuligusa.

Si kila nchi inawaruhusu wananchi kuanzisha kura ya maoni. Kama yako hairuhusu, angalia ngazi ya chini. Halmashauri nyingi zinaweza kuitisha baraza la wananchi kuhusu bajeti au mpango wa ardhi bila kubadilisha katiba, na diwani aliyechoka kulaumiwa anaweza kulipokea wazo hilo kwa furaha.

Hatua ya 8: Siku wakipatana, uwepo

Hapa ndipo wananchi wengi wazuri hupotea. Mswada umepita, tumefurahi, tumerudi nyumbani. Lakini kwa yule mbunge aliyevuka mstari, siku mbaya ndiyo inaanza. Simu yake inajaa ujumbe wa hasira kutoka kwa watu wa chama chake. Mnadhimu wa chama anamwita. Wale wanaoutaka uteuzi wake wanashiriki picha yake wakiwa wameandika neno lile lile la mjomba.

Basi andaa ujumbe wako siku moja kabla ya kura. Uwe mfupi: jina lako, jimbo lako, kwamba umeona alivyopiga kura, na kwamba ahadi uliyompa kwenye barua ipo pale pale. Utume asubuhi na mapema. Waombe na wale majirani watano watume wa kwao, kila mtu kwa maneno yake, na rafiki yako wa chama kingine amtumie wa kwake yule aliyevuka kutoka upande ule. Kisha mwezi ujao nenda kwenye kikao cha tawi. Watakapomtaja, nyanyua mkono uombe kusema.